Kabla hujanunua modemu, sikiliza laini yako

Juzi kijana mmoja wa Busia ameniandikia: "Mzee, shikamoo. Nimepata pesa kidogo, nataka modemu ya haraka kuliko zote kwa laini yetu ya nyumbani. Dukani wananionyesha ya 56K, ya kuingizwa ndani ya kompyuta, bei nafuu. Ninunue?"

Modemu ni kifaa kinachopitisha intaneti kwenye laini ya simu ya waya, na 56K ni mwendo wake, yaani biti 56,000 kwa sekunde. Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Swali lake ndilo lililonipeleka dukani mwaka 2003, na jibu nililopewa huko lilinikosesha kazi ambayo hadi leo nikiikumbuka roho inaniuma.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri, nyumbani kwangu hapa Tororo, mashariki mwa Uganda. Mwaka ule shirika moja lenye ofisi Kampala lilinipa ripoti nene, yenye picha, niitoe Kiingereza niipeleke Kiswahili. Malipo yake yangeezeka nyumba nzima kwa mabati. Nikaona mtu wa kazi kubwa lazima awe na kifaa kikubwa. Nikapanda basi hadi Kampala, nikaingia duka la kompyuta, nikauziwa kadi ndogo, nyepesi kama kipande cha biskuti, boksi lake limeandikwa 56K kwa herufi nene. Muuzaji akaniapia kwamba hakuna ya kuipita. Nikamwamini.

Kazi niliimaliza vizuri. Faili likawa na megabaiti 4. Nilichokuwa sijui ni kwamba barua pepe huvimbisha faili linaloambatishwa kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo nilikuwa napandisha, yaani natuma, megabaiti 5 na ushei. Modemu yangu ilikuwa inapandisha biti 24,000 kwa sekunde. Piga hesabu: ni karibu nusu saa bila kukatika hata mara moja. Dakika ya 12, ikakatika. Nikapiga tena, ikafika dakika ya 20, ikakatika. Na barua pepe ikikatika haiendelei ilipoishia, inarudi mwanzo. Nilijaribu mara saba usiku ule, dakika za simu zikihesabiwa zote, mama watoto amekaa nami anashika taa kwa sababu umeme ulikuwa unayumba. Alfajiri nikaligawa faili kwenye disketi nne, nikakimbilia basi. Nilifika mchana. Nikaambiwa kazi amepewa mtu mwingine. Disketi zangu hazikufunguliwa.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, fundi mstaafu wa simu. Hakuiangalia modemu kabisa. Aliinua mkonga wa simu, akabonyeza namba moja ili ule mlio wa laini unyamaze, akanipa nisikilize. Nikasikia mkwaruzo kama mtu anakaanga karanga. Akaniambia, "Ndugu yangu, modemu inazungumza kwa sauti. Wewe ungeweza kusoma barua kwa mtu katikati ya kelele hii?"

Tukaufuata waya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuvuta kutoka sebuleni hadi chumbani kwa waya bapa wa bei rahisi, nikauunga juu ya dari kwa kuusokota na kuuzungushia plasta. Kiungo kimeshika kutu. Tukatoa kila kitu, tukavuta waya mmoja mpya wa jozi iliyosokotwa, bila kiungo, kutoka laini inapoingilia nyumbani hadi kwenye kompyuta. Kadi ileile ya biskuti ikaongeza mwendo kidogo siku hiyohiyo. Fikiria: waya wa shilingi chache!

Sasa hiyo 56K. Kiwango chake, yaani kanuni ya modemu kuelewana, kinaitwa V.90, kimetoka mwaka 1998. Inafanya kazi kwa sharti moja: sauti igeuzwe kuwa tarakimu mara moja tu, pale kwenye kituo cha simu, na kampuni ya intaneti iwe imeunganishwa kwa njia ya tarakimu moja kwa moja. Kama njiani kuna kifaa kinachogeuza mara ya pili, unarudishwa kwenye kiwango cha zamani, V.34, ambayo mwisho wake ni 33,600, hata ununue modemu ya dhahabu. Umbali kutoka kituo cha simu nao unakula mwendo. Na 56K ni kwa kushusha tu, yaani kupokea; kupandisha hakuzidi 33,600. Mimi kazi yangu ni kupandisha! Hakuna aliyeniambia. Kiwango kilichofuata, V.92 ya mwaka 2000, inaweza kupandisha hadi 48,000, lakini kampuni yako ya intaneti lazima nayo iwe nayo, kwa hiyo waulize kwanza.

Ukitaka kujua unapata ipi, tazama namba inayotokea ukishaunganishwa. Ukiona 26,400, 28,800 au 31,200, hiyo ni V.34. Ukiona namba kama 41,333 au 45,333, hapo umeishika V.90. Ukiona 115,200, usishangilie, huo ni mwendo kati ya kompyuta na modemu yako, laini haimo.

Modemu yenyewe nilikuja kununua baadaye, ya nje, ya US Robotics, iliyokwishatumika, yenye taa mbele na kebo ya kwenda poti ya siriali, tundu la zamani la kompyuta. Ile kadi nyepesi haina akili yake. Inaitegemea prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ifanye kazi yote, na kompyuta yangu ilikuwa ya zamani. Ukifungua hati kubwa wakati inapandisha, modemu inakosa pumzi na laini inakatika. Ya nje inajifanyia yenyewe. Taa zake pia zinakusemesha: unaona kama data inakwenda au imekwama. Ilipokataa kupiga kwa madai kwamba hakuna mlio wa laini, na mlio naousikia kwa masikio yangu, niliongeza amri ya X3 kwenye mipangilio yake, ikaacha kuusubiri mlio, ikapiga.

Wiki iliyopita nimetuma faili kubwa kama lile la mwaka 2003. Nilishika 45,333 ya kushusha na 31,200 ya kupandisha. Dakika 20 na kitu, halijakatika. Nilimwita mama watoto aje aone. Alikaa kimya tu akanishika bega.

Vijana wangu, mnapenda sana namba ya kwenye boksi. Mnauza mbuzi wa baba kununua namba. Modemu inayoshika 31,200 usiku kucha itakufikisha kabla ya ile inayoshika 48,000 kisha inakuangusha kila dakika kumi, na mkikosa kunisikiliza kwa hili mtanisikiliza mkiwa kwenye basi la alfajiri na disketi mapajani. Nyumba yako ikaguliwe waya kwanza. Na kwa sisi wa huku Tororo, mnajua radi zetu: mawingu yakianza kukusanyika kule nyuma ya Mwamba wa Tororo, chomoa waya wa simu, usichomoe wa umeme peke yake. Modemu yangu moja iliungua siku ya mgao, nyumba haina umeme hata kidogo. Radi iliingia kwa laini ya simu.

Kijana wa Busia, fanya hivi leo usiku nyumba ikitulia. Chomoa simu zote isipokuwa moja, inua mkonga, bonyeza namba moja, sikiliza. Ukisikia mkwaruzo, ichomeke simu hiyo pale laini inapoingilia nyumbani, usikilize tena. Kisha niandikie umesikia nini sehemu zote mbili, na kompyuta yako ina prosesa gani. Pesa ya duka ikae mfukoni mpaka nikujibu.