Julai Mosi ya Kuandikiwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni mtu gani mashuhuri katika historia mliyezaliwa naye tarehe moja, na jambo hilo lina maana gani kwako?" Kwa mujibu wa vyeti vyangu vyote, tangu cha darasa la saba hadi kitambulisho cha Taifa, mimi nilizaliwa tarehe 1 Julai 1961, na kwa tarehe hiyo nina wenzangu wa kujivunia. Siku hiyohiyo, mwaka huohuo, alizaliwa Uingereza binti aliyeitwa Diana, ambaye baadaye aliolewa na mrithi wa kiti cha ufalme, na ng'ambo ya bahari, Birmingham katika jimbo la Alabama, akazaliwa Carl Lewis, aliyetwaa medali nne za dhahabu katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Nikirudi nyuma miaka 40 kamili namkuta Seretse Khama, aliyezaliwa Serowe tarehe 1 Julai 1921 akawa Rais wa kwanza wa Botswana, na nchi yake huifanya tarehe hiyo kuwa siku ya mapumziko kwa heshima yake. Nikizidi kurudi nafika mwaka 1646, mjini Leipzig, kwa Leibniz, mmoja wa waasisi wa hesabu za kalkulasi, jambo ambalo kwa mtu aliyefundisha hisabati miaka zaidi ya 30 si dogo.

Taabu ni kwamba tarehe hiyo nimeandikiwa tu.

Mwaka 1969 marehemu mama alinishika mkono tukatembea tangu alfajiri hadi shuleni, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mpwapwa, kwenda kuniandikisha darasa la kwanza. Mwalimu aliyekuwa akiandikisha alikaa chini ya mbuyu na daftari kubwa lililopigwa mistari ya bluu, na alipofika kwenye safu ya tarehe ya kuzaliwa akamuuliza mama nilizaliwa lini. Mama akamjibu, "Mwanangu, Uhuru ulimkuta ameshaanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa." Akaongeza kwamba uwele wa mwaka ule ulikuwa umeshavunwa, akataja na siku ya juma, lakini daftari halikuwa na mahali pa kuandika mambo ya uwele wala ya siku ya juma. Mwalimu akahesabu kwa vidole kurudi nyuma kutoka Desemba, akasimama kwenye mwezi wa saba, akachovya kalamu yake katika wino na kuandika 1/7/61. Nalikumbuka tone la wino lililodondoka pembeni ya ile saba, na jinsi alivyolikausha kwa kipande cha chaki.

Simlaumu hata kidogo, kwa sababu mtoto wa binadamu huanza kukaa akiwa na miezi mitano au sita, na hesabu yake ilikuwa nzuri kuliko nyingi nilizosahihisha baadaye. Wengi wa rika langu hawakubahatika hivyo. Wazazi wao waliukumbuka mwaka tu, wakapewa Januari mosi au Julai mosi kama watu wanavyopewa sare. Nilipokwenda kufuatilia kiinua mgongo changu mwaka 2021 tulikuwa wastaafu saba kwenye benchi moja nje ya ofisi, na katika kuongea tukagundua kwamba watano kati yetu tulikuwa "tumezaliwa" Julai mosi. Mmoja wetu, mzee mwenye mzaha, alisema kumbe sisi tulizaliwa na Serikali yenyewe, maana mwaka wa fedha nao huanza siku hiyo.

Ndiyo maana jibu langu, Ndugu Mhariri, ni kwamba watu wanaposhiriki tarehe moja ya kuzaliwa, mara nyingi wanachoshiriki ni mkono wa mwandishi na kalenda aliyoitumia, na hilo linawahusu hata mashuhuri wenyewe. Huyo Leibniz ninayejivunia alizaliwa tarehe 21 Juni kwa kalenda iliyokuwa ikitumika mjini kwao, ile ya zamani ya Juliasi, na tunamwekea Julai mosi kwa sababu tunamhesabia kwa kalenda ya Gregori tunayoitumia leo. Kwa hiyo mimi na yeye tuna undugu wa kweli kuliko nilivyodhani: sote wawili Julai mosi zetu ni za kuandikiwa.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi Watanzania ni wa Baba wa Taifa. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, na tarehe 13 Aprili ndiyo tunayoisoma katika vitabu kuwa siku ya kuzaliwa Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru la Marekani na Rais wa tatu wa nchi hiyo. Lakini Jefferson alipozaliwa huko Virginia mwaka 1743, mama yake angeulizwa angesema ni tarehe 2 Aprili, kwa kuwa makoloni ya Waingereza yalikuwa bado yanafuata kalenda ya zamani. Mwaka 1752 Uingereza na makoloni yake zikabadili kalenda, watu wakalala tarehe 2 Septemba na kuamka tarehe 14, na kijana Jefferson, akiwa na umri wa miaka tisa, akasogezwa siku 11 mbele. Kwenye kaburi lake wameandika ile tarehe ya zamani, 2 Aprili, pamoja na herufi za kuonyesha kwamba ni ya kalenda ya kale. Bila mabadiliko hayo ya kalenda, Mwalimu na Jefferson wasingekuwa na siku moja.

Hata hivyo, baada ya kuijua hila hiyo yote, bado mkutano wao unanishika. Jefferson alikuwa na miaka 33 alipoandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, na katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Mwalimu alikuwa na miaka 44 Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, na imani ya kwanza kabisa iliyoorodheshwa humo ni kwamba binadamu wote ni sawa. Wote wawili walikuwa watu wa vitabu, na wote wawili walitamka sentensi ambayo ni karibu ileile, mmoja akiwa bwana wa watumwa, mwingine akiwa ametoka katika bara ambako watumwa walitekwa. Ningekuwa bado nafundisha ningewapa wanafunzi kazi ya kuzisoma sentensi hizo mbili bega kwa bega, na tarehe ya kuzaliwa ingekuwa kisingizio tu cha kuziweka meza moja.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kwa Mwalimu kumbukumbu ya kwanza ya siku yake ilikuwa jina lake. Aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha alipozaliwa. Wazee wetu walikuwa na kalenda yao, na waliiandika ndani ya mtoto: Waswahili wana akina Juma, Hamisi na Mwajuma, ambao siku yao ya juma haipotei kamwe hata kama mwaka umesahauliwa, na hapa Ugogo umri wa wazee wa zamani ulipimwa kwa njaa, kama ile kubwa iliyoitwa Mtunya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwetu sisi wa Dodoma, tarehe 13 Aprili ina kivuli kingine, kwa kuwa siku moja kabla yake, tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliondoka hapa kwa gari baada ya kikao cha Bunge na kufariki katika ajali maeneo ya Dakawa, mkoani Morogoro. Kesho yake Mwalimu alitimiza miaka 62, na taifa zima lilikuwa katika msiba.

Sasa niseme kidogo kuhusu hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Nilipokuwa nikifundisha sekondari nilikuwa na desturi, kila nilipoanza mada ya uwezekano, ya kuwauliza wanafunzi kama wanadhani wako wawili darasani waliozaliwa tarehe moja. Wanafunzi 45, siku 365. Karibu wote walisema haiwezekani. Kisha nilianza kuwaita mmoja mmoja wataje tarehe, na kabla hatujafika dawati la mwisho vijana wawili walikuwa wanatazamana kwa mshangao, darasa likipiga kelele kama vile nimetoa sungura mfukoni. Ukweli ni kwamba watu 23 wanatosha kuufanya uwezekano huo uvuke nusu, kwa sababu kinachohesabiwa ni jozi za watu, na watu 23 wana jozi 253. Darasa la watu 45 lina jozi 990, na uwezekano unafika takriban asilimia 94. Jambo ni tofauti kabisa ukitaka mtu wa kushiriki nawe tarehe yako wewe binafsi: hapo unahitaji watu wengine 253 ili uwe na nafasi ya nusu kwa nusu. Wanafunzi wangu walichanganya maswali hayo mawili kila mwaka, na nadhani hata wasomaji wengi watakaojibu swali lenu watayachanganya. Miaka ya mwanzo, nikiri, jaribio lilifaulu kwa urahisi wa kutia shaka, kwa kuwa orodha zilijaa Januari mosi.

Kwa kuwa dunia ina watu zaidi ya bilioni nane, kila tarehe ina takriban watu milioni 22 wanaoishi leo, achilia mbali waliokufa. Kwa hiyo hakuna ajabu Rais Samia kushiriki tarehe 27 Januari na Mozart, wala Rais mstaafu Kikwete kuwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu na Vladimir Putin kwa pamoja tarehe 7 Oktoba, wala Mzee Karume kuwa na Barack Obama tarehe 4 Agosti. Mzee Mwinyi alizaliwa tarehe 8 Mei kama Henri Dunant, mwasisi wa Msalaba Mwekundu, lakini kwangu tarehe yake ya kukumbukwa ni ya mwisho, 29 Februari 2024, ambayo haitarudi hadi mwaka 2028.

Wale wanaoamini kwamba waliozaliwa siku moja nyota zao ni moja huniletea daima mfano wa Abraham Lincoln na Charles Darwin, ambao walizaliwa tarehe 12 Februari 1809, siku moja na mwaka mmoja, na tarehe hizo hazina utata wa kalenda. Mfano huo naupenda, ila nausoma kinyume. Lincoln alizaliwa katika kibanda cha magogo huko Kentucky, akasoma shule kwa vipindi ambavyo vikijumlishwa havifiki hata mwaka; Darwin alizaliwa Shrewsbury katika nyumba ya daktari tajiri, akapelekwa vyuo vikuu viwili. Wanajimu wakisema nyota zao zimefanana, basi nyota hizo hazikujua lolote kuhusu mali ya baba. Walichofanana ni misiba: Darwin alifiwa na mama akiwa na miaka minane, Lincoln akiwa na tisa. Tena wote wawili waliuchukia utumwa, mmoja akauandikia kwa hasira katika kumbukumbu za safari zake za Amerika Kusini, mwingine akatia saini tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, tarehe 1 Januari 1863. Misiba hiyo na chuki hiyo vilikuwa vya zama zao, na mamilioni waliozaliwa siku nyingine walivishiriki vilevile.

Nirudi kwenye benchi la Julai mosi. Nilisema kwamba mama alitaja siku ya juma na haikuandikwa. Mpaka anafariki alisisitiza kwamba uchungu ulimshika njiani akitoka kanisani, akajifungulia nyumbani kwa jirani kabla jua halijatua, yaani ilikuwa Jumapili. Baada ya kulisoma swali lenu niliketi na kukokotoa, na tarehe 1 Julai 1961 ilikuwa Jumamosi. Basi Diana si wangu, wala Carl Lewis, wala Seretse Khama, na hata Leibniz namrudisha kwa masikitiko. Mwalimu wangu akiwa amekosea kwa siku moja tu, nilizaliwa tarehe 2 Julai, ambayo ni siku ya Patrice Lumumba, aliyezaliwa mwaka 1925 na kuuawa Januari ya mwaka huohuo wangu. Akiwa amekosea kwa siku sita upande wa pili, ni tarehe 25 Juni, siku ambayo mwaka mmoja baadaye FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliasisiwa Dar es Salaam. Jumapili za majira yale, uwele ukiwa ghalani, zilikuwa nyingi, na jirani aliyempokea mama naye ameshatangulia.

Mwalimu mstaafu, Dodoma