Maswali na majibu: Naogopa nusukaputi kuliko kisu

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 41, naishi Njombe. Nina goita tangu nikiwa msichana na sasa imekuwa kubwa. Nimepangiwa upasuaji wiki tatu zijazo. Sijawahi kupasuliwa, hata wanangu wawili nilijifungua kwa njia ya kawaida. Kisu hakinitishi sana, kinachonitisha ni nusukaputi. Shangazi yangu aliingizwa thieta usiku kwa ajili ya utumbo uliojisokota, hakutoka. Siku hizi usiku moyo unanienda mbio, natokwa jasho, silali. Je, nikilazwa usingizi nikashindwa kuamka? Au nikaamka katikati wananikata na siwezi kusema? Kwa nini nisichomwe sindano ya mgongo kama jirani yangu aliyetolewa uvimbe wa kizazi, yeye alikuwa akiongea na madaktari mpaka mwisho? Nafikiria kuahirisha. Halafu nimesukwa juzi tu, je, nifumue?

JIBU: Asante, Mwalimu. Mimi ni daktari wa usingizi, yule anayekulaza kabla ya upasuaji. Naanza na jambo ambalo wewe umelipitia haraka: huo moyo unaokwenda mbio usiku.

Mtu mwenye goita akiniambia moyo unamdunda, anatokwa jasho na hapati usingizi, sikimbilii kumwambia asiogope. Kwanza nauliza homoni za tezi, ile ya shingoni ambayo ikivimba ndiyo goita, zilipimwa lini na majibu yalisemaje. Tezi inayomwaga homoni kupita kiasi huleta dalili zilezile za woga: mapigo ya haraka, vidole kutetemeka, jasho, usingizi kukatika. Tofauti ni kwamba huongeza na mengine. Mtu anakula vizuri lakini anakonda, na joto halivumilii. Kwa Njombe ni rahisi kujua: wenzako ofisini wamejifunika majaketi, wewe unajipepea kwa daftari la mahudhurio. Hapo si woga wa thieta tena.

Kwa hiyo usisubiri siku ya kulazwa. Wiki hii rudi kliniki ueleze hizo dalili za usiku na uulizie kipimo cha homoni. Ikionekana tezi inafanya kazi kupita kiasi, utapewa dawa za kuituliza, kama kabimazoli, na pengine propranololi ya kushusha mapigo ya moyo. Upasuaji utasubiri mpaka vipimo vikae sawa, maana kumpasua mtu ambaye tezi yake bado inawaka kunaweza kufumua homoni kwa wingi hadi maisha yakawa hatarini. Kuahirisha kwa sababu hiyo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kuahirisha kwa sababu ya hofu peke yake ni habari nyingine: goita kubwa ikiendelea kukua hubana koo la hewa, na kadiri inavyobana ndivyo kazi yangu ya kukulaza inavyokuwa ngumu. Kama tayari ukilala chali unahisi kukabwa, au umeanza kukoroma sana, au sauti imebadilika, mwambie daktari wa usingizi kabla hajakuuliza.

Sasa tuje kwenye nusukaputi. Nadhani jina lenyewe limetuponza, linasikika kama nusu ya kufa. Wagonjwa wengi wanaamini tunamchoma mtu dozi moja kubwa, tunatoka nje, kisha yeye anabaki kupambana mwenyewe arudi au asirudi. Ingekuwa hivyo hata mimi ningeogopa. Ukweli ni kwamba ile sindano ya kwanza haidumu, ni ya dakika chache tu. Kinachokuweka usingizini saa nzima au saa mbili ni dawa inayoendelea kuingia kidogo kidogo, aghalabu hewa ya dawa unayovuta pamoja na oksijeni kupitia mashine. Ni kama jiko la gesi: moto upo kwa sababu kuna mtu ameshika kitufe. Daktari wa upasuaji akimaliza kushona, mimi nafunga kitufe, unaendelea kuvuta oksijeni, dawa inatoka kwa pumzi zako mwenyewe na unaamka. Na mimi siendi popote. Kiti changu kipo kichwani pako tangu unapofumba macho mpaka unapoitika jina lako.

Siwezi kukuandikia kwamba hatari ni sifuri, na daktari anayekwambia hivyo anakubembeleza. Ila usipime safari yako kwa ya shangazi. Pole sana kwa msiba huo. Mtu mwenye utumbo uliojisokota huingia thieta usiku akiwa ameishiwa maji, presha imeshuka, sumu imeanza kutembea mwilini, na hakuna muda wa kumtengeneza. Anapasuliwa kwa sababu asipopasuliwa atakufa. Wewe unakwenda kwa miguu yako, asubuhi, umepimwa damu, moyo na presha, tumbo tupu, na una wiki tatu za kurekebisha kitakachoonekana. Huko nyumbani yote mawili mtayaita "operesheni", lakini sisi tunayahesabu mbalimbali kabisa.

Kuhusu kuamka katikati: hutokea, ila ni nadra sana. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland, matokeo yakatolewa 2014, ulikuta taarifa moja hivi kwa kila nusukaputi 19,000. Nyingi zilikuwa za muda mfupi, wakati mtu anaanza kulala au anapoamka, si katikati ya kukatwa. Waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wale wa dharura, hasa akina mama wanaopasuliwa kujifungua chini ya usingizi kamili, ambao dawa hupunguzwa kwa makusudi. Kwa upasuaji uliopangwa kama wako natazama mapigo, presha, machozi, jasho na kiasi cha dawa kinachotoka kwenye pumzi yako. Mwili unaoanza kuzinduka hunipa ishara mapema. Jambo moja lakini usilidanganyie: kama unakunywa pombe kila siku, unatafuna mirungi, unavuta bangi au unatumia dawa za mitishamba kwa ajili ya hiyo goita, sema. Mimi si mchungaji wala mkwe wako. Nataka kujua kwa sababu dozi zinabadilika.

Sindano ya mgongo ya jirani yako ilikuwa sahihi kwa jirani yako. Inatia ganzi kuanzia kifuani au kiunoni kwenda miguuni, na kizazi kiko humo. Shingo haimo. Ganzi hiyo ikipanda mpaka shingoni, misuli ya kupumulia nayo inalala. Ndiyo maana wewe utalazwa kabisa na mpira laini utapitishwa kooni kulinda njia ya hewa wakati daktari anafanya kazi hapo hapo jirani yake. Mpira unaingia ukiwa umeshalala na unatoka unapoanza kuamka, wengi hawaukumbuki. Utakachobaki nacho ni koo linalowasha siku moja au mbili.

Hukuuliza kuhusu sauti, na kwa mwalimu nilitegemea iwe swali la kwanza! Nyuma ya tezi hupita mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti. Muulize daktari wa upasuaji, si mimi, anailindaje na sauti yako ataikagua vipi kabla na baada. Ni haki yako kupata jibu kabla ya kusaini. Fomu ya ridhaa siyo karatasi ya kukabidhi roho yako. Inasema umeelezwa ukaelewa, kwa hiyo kama hujaelewa, kalamu iweke chini.

Hofu yenyewe sasa. Katika miaka yangu ya kazi nimeona wagonjwa ni wa aina mbili. Kuna anayetulia akielezwa kila hatua, na kuna ambaye ukimweleza ndiyo unamwongezea. Maswali yako yananiambia wewe ni wa kwanza. Basi la kwanza, andika maswali kwenye karatasi, maana mbele ya koti jeupe kichwa hufutika kama ubao, na umwambie daktari wa usingizi kwa maneno haya haya uliyoniandikia: "Naogopa kutoamka, shangazi yangu alifia thieta." Usiseme "nina wasiwasi kidogo" kwa adabu. Ukisema kidogo nami nitakuhudumia kidogo.

La pili, wageni. Ukishalazwa, kila anayekuja kukujulia hali atakuwa na hadithi ya mtu: binamu yake, jirani yake, mtu wa kwenye kundi la WhatsApp. Hawana ubaya, ndivyo tulivyo. Chagua ndugu mmoja mwenye mdomo mkali akae mlangoni mwa hadithi hizo. Huyo huyo umweleze mambo mawili. Kwanza, hospitali ikiomba ndugu wawili waje kuchangia damu, haina maana kwamba imeonekana utatokwa damu nyingi. Damu inawekwa tayari ili isitafutwe wakati wa haja. Pili, wakiambiwa upasuaji ni wa saa mbili, wasianze kulia saa ya tatu. Kuna muda wa kukuandaa, wa kukulaza, wa kukuamsha na wa kukuangalia kwenye chumba cha uangalizi kabla hujarudi wodini.

La tatu ni pumzi, na anza kufanya mazoezi leo, usingoje siku yenyewe. Vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa kwa mdomo ukihesabu mpaka sita, taratibu, kama unayepuliza chai ya moto bila kuimwaga. Ni ile pumzi ndefu ya kutoa inayoshusha mapigo ya moyo. Dakika tano kila usiku. Nilipolazwa mimi mwenyewe kwa ngiri, pamoja na elimu yangu yote, usiku ule nilipuliza chai hewani mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza kama nina pumu.

Ukihisi unahitaji kidonge cha kutuliza usiku wa mwisho, omba wodini. Usimeze cha kuazima, hasa wewe ambaye goita yako huenda imebana njia ya hewa. Dawa zako za tezi na za moyo, kama umeanzishiwa, kwa kawaida zinaendelea hata asubuhi ya upasuaji kwa funda la maji, lakini ithibitishe na daktari wako. Kuhusu kula: chakula kisimame angalau masaa 6 kabla, na uji ni chakula, supu ni chakula, chai ya maziwa nayo ni chakula. Maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa mpaka masaa 2 kabla. Wodi nyingi husema tu "usile wala kunywa kuanzia saa sita usiku", basi ulizia maji, hasa ikiwa umepangwa mchana, maana kiu huongeza mapigo na mapigo huongeza hofu. Na ukiteleza ukala, sema. Niliwahi kuwa na mgonjwa aliyeapa hajagusa kitu, kumbe alikula chapati mbili kwa siri asipoteze zamu yake. Alitapika wakati namlaza. Tulimwokoa, lakini zile dakika sitazisahau.

Siku yenyewe utaulizwa jina lako na unapasuliwa wapi mara tatu au nne, na watu tofauti. Usishtuke ukadhani hawakujui. Ni orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa 2008. Ilijaribiwa kwenye hospitali za miji minane duniani, mmoja wapo Ifakara, hapa kwetu Morogoro. Katika majaribio hayo vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Wakikuuliza mara ya nne, jibu mara ya nne.

Thieta ni baridi, omba shuka la pili. Mkanda wa presha utakubana mkono mpaka udhani umekwama, kisha utaachia. Kidoleni utabanwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu, na utasikia mlio: ti, ti, ti. Huo ni moyo wako, na mlio ukishuka sauti najua oksijeni inapungua hata kama macho yangu yapo kwenye dripu. Utawekewa kinyago kinachonuka plastiki. Kisha nitakuambia dawa inaingia. Kama ni propofoli, ni nyeupe kama maziwa na huchoma kidogo mkononi inapopanda. Nitakuomba uhesabu. Walimu hujitahidi, lakini ishirini hamfiki. Kitakachofuata kwako ni mtu anayekuita jina, na huenda ukauliza kama wengi wanavyouliza: "Mbona hamjaanza?"

Nywele: shingo yako italazwa ikiwa imekunjwa kwenda nyuma, mto mdogo chini ya mabega, kwa hiyo mafundo makubwa kisogoni yatakusumbua wewe na sisi. Kama umesukwa twende kilioni au mtindo mwingine uliolala, acha, alimradi usiwe na pini wala shanga za chuma. Kama ni rasta za kufunga juu, fumua. Rangi ya kucha futa kwenye mikono yote miwili, na hina nyeusi usipake mpaka utakapopona, maana kile kifaa cha kidoleni hakioni vizuri kupitia hiyo.