Barua za kamera Chicago: maswali yenu na majibu

Madereva wetu wa Chicago wameniuliza kuhusu barua zinazokuja na picha ya gari kwenye taa nyekundu. Naanza na lililoulizwa na wengi.

Shemeji aliazima gari langu, barua imekuja kwa jina langu. Kwa nini nilipe mimi?

Kwa sababu kamera inasoma namba za gari, haimtafuti dereva. Sheria ya Illinois inamdai aliyesajili gari, hata kama siye aliyeshika usukani. Lipa, kisha mmalizane na shemeji nyumbani. Faini ni dola 100, na ukichelewa inafika 200. Afadhali haiingii kwenye rekodi ya leseni yako.

Niliuza gari langu zamani, barua bado zinanifuata. Nifanyeje?

Ndugu yangu, naamini uliliachia namba zake. Tanzania na Kenya gari likiuzwa huondoka na namba, na wengi wetu tunafanya vivyo hivyo huku. Illinois namba ni za mwenye gari. Kabla hujakabidhi ufunguo, chukua bisibisi, fungua namba ya mbele na ya nyuma, uondoke nazo. Kisha upeleke taarifa ya mauzo kwenye ofisi ya Secretary of State, inayosajili magari.

Hizo barua zipinge. Kuwa uliliuza kabla ya siku ya kosa ni utetezi unaokubaliwa, ila wataka karatasi yenye tarehe na sahihi ya mnunuzi. Nawasihi mnaouziana magari kwa kuaminiana baada ya ibada: andikishaneni.

Tulikuwa kwenye msafara wa kwenda kuzika. Hilo nalo ni kosa?

Poleni sana na msiba. Hapana, msafara wa mazishi unasamehewa, na pia aliyepita ili kupisha ambulensi au zimamoto. Ambatisha uthibitisho, mfano barua ya waliosimamia mazishi.

Taa ya njano ni fupi mno. Si mtego huu?

Manung'uniko haya yana msingi. Kwenye barabara nyingi za Chicago njano hukaa sekunde 3, kiwango cha chini kabisa kinachokubalika Marekani. Mwaka 2014 mkaguzi mkuu wa jiji alikuta faini zipatazo 77,000, thamani yake karibu dola milioni 7.7, zilizotozwa ilhali njano haikufika hata hizo sekunde 3. Mwaka 2016 John Bills, ofisa wa jiji aliyeusimamia mradi wa kamera, alihukumiwa miaka 10 jela kwa rushwa kutoka Redflex, kampuni iliyokuwa na mkataba wa kuziendesha. Mwenye mashaka na kamera hizi hapaswi kuitwa mlalamishi.

Hata hivyo sitaki ziondolewe. Utafiti wa serikali kuu ya Marekani uliotolewa 2005, uliofanyika maeneo saba, ulionyesha ajali za kugongwa ubavuni zikipungua kwa takriban asilimia 25, na za kugongwa kwa nyuma zikiongezeka kwa takriban 15. Wanaokufa ni wale wa ubavuni zaidi, maana kati ya abiria na gari linalokuja pana mlango tu. Ninachodai ni njano ndefu zaidi. Jiji linalotaka watu wapone litakubali kupoteza hayo mapato.

Nilikata kulia tu, na barabara ilikuwa tupu.

Kukata kulia kwenye nyekundu kunaruhusiwa pasipo na kibao cha kukataza, lakini lazima usimame kabisa kwanza. Fungua video kwa namba iliyo kwenye barua, utazame tairi. Kama zilitulia, pinga. Kama ziliendelea kuzunguka, hata polepole, lipa.

Binamu yangu yuko Texas, anasema kwao hakuna kamera hizi.

Ni kweli, Texas ilizipiga marufuku kwa sheria ya 2019.

Nikikaa kimya bila kulipa?

Tangu Julai 2021 Illinois haikusimamishii tena leseni kwa faini za kamera. Gari ndilo litakaloshikwa. Faini tatu zikifika hatua ya mwisho bila kulipwa, jiji linaweza kulifunga chuma tairini, na baadaye kulivuta, na gharama hizo zote ni juu yako. Omba mapema kulipa kidogo kidogo. Mpango huo upo, na usiaibike kuuomba.