Ukiona "easy" kwenye programu yako ya mbio, isome hivi

Karibu kila programu ya mbio utakayoipakua mtandaoni imejaa neno "easy". Jumanne easy, Alhamisi easy, Jumamosi easy ya masaa mawili. Kwenye jogingi hapa Dar wengi wanaisoma kama "rahisi" na tatizo linaanzia hapo, maana rahisi yetu imetoka Kiarabu, kwao rakhis ni kitu cha bei chee, na sisi mpaka leo tunasema viatu rahisi, nyumba rahisi. Sasa mtu akiambiwa leo mazoezi rahisi anaona kama hayana thamani, anaongeza spidi ili ajisikie amefanya kazi.

Easy ina ukoo mwingine kabisa. Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na maneno yake yakaendelea kuingia kwa wananchi kidogo kidogo, hili la easy likaonekana kwenye Kiingereza miaka ya 1200 hivi. Kifaransa cha zamani walikuwa na "aise", yaani raha ya mwili, utulivu, nafasi. "Aisié" ni mtu aliyekaa raha mustarehe. Kwahiyo mwanzoni easy ilimwelezea mtu alivyotulia, hiyo maana ya "siyo ngumu" imekuja baadaye. Hata "disease", ugonjwa, ni ease iliyonyimwa, mwili uliokosa raha. Mimi hii naipenda sana, kwa mkimbiaji ni onyo tosha.

Kwahiyo usijiulize umbali ni mfupi au mrefu, jiulize mwili wako umetulia? Kipimo ninachokiamini ni kuongea. Kimbia na mwenzako mpige stori, ukiweza kumaliza sentensi nzima bila kukata pumzi upo sawa, ukijibu "eeh" na "hapana" tu umeshatoka kwenye easy. Halafu cheki mabega, yakianza kupanda kuelekea masikioni yashushe, legeza taya, fungua ngumi. Na joto la huku Pwani usilidharau, spidi iliyokuwa easy saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu inakuwa shughuli nzito kwa moyo huo huo.

Mkenya Eliud Kipchoge pale Vienna, Austria, tarehe 12 Oktoba 2019 alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40, ni kama dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita, huku anatabasamu. Lakini wenzake na yeye kule kambini kwao Kaptagat, Kenya, siku za easy wanaanza taratibu mpaka mgeni anadhani ataenda nao safari nzima. Kama wao hawaoni aibu kwenda polepole, wewe dada yangu, kaka yangu, unamkimbiza nani barabarani?

Ukiona maongezi yamekata tembea mpaka pumzi irudi, saa ya mkononi ioneshe inachotaka, halafu endelea.