Jirani anasogeza ua ndani ya msitu: mpaka tutaujuaje?

Swali

Salaam, Bwana soroveya. Mtaa wetu umepakana na Msitu wa Ngong Road hapa Nairobi. Baadhi ya wenye nyumba wamekuwa wakisogeza ua wa kayaba, kile kichaka cha miiba, kidogo kidogo: kwanza nyasi, halafu maua, sasa kuna kibanda cha mbwa na mahali pa kuegesha gari. Mmoja amefungua geti la nyuma na anamwaga huko majani yaliyofyekwa na kifusi. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba amekitunza kile kipande zaidi ya miaka 15, kwa hiyo kisheria ni chake. Mimi ni mwanachama wa chama cha jamii cha misitu, na vijana wetu wanataka kwenda Jumamosi kuung'oa ua huo. Anayosema ni kweli? Na mpaka wenyewe tutaujuaje?

Msomaji, Lang'ata

Jibu

Salaam, dada. Nianze na vijana, maana Jumamosi haiko mbali: wazuie. Ua huo, hata kama umepandwa pasipo pake, haung'olewi na raia. Wakiugusa, atakayekimbilia polisi ni jirani, nyinyi mtajibu kesi ya kuharibu mali, na habari ya msitu itakuwa imezikwa. Mwenye mamlaka ya kuuondoa ni Shirika la Huduma za Misitu, yaani KFS. Kazi yenu ni kuwapa ushahidi ambao hawawezi kuuweka kwenye droo.

Hiyo miaka 15 nayo isikusumbue. Jirani yako ameshika nusu ya sheria. Ni kweli kwamba chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, mtu aliyekaa wazi kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 bila idhini anaweza kuidai. Lakini kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinasema wazi kwamba utaratibu huo haumpi mtu haki juu ya ardhi ya serikali. Na Ibara ya 62 ya Katiba inaweka misitu ya serikali katika ardhi ya umma. Angekata nyasi hapo miaka 50, bado angekuwa anakata nyasi za umma.

Sasa mpaka. Hapa ndipo kesi nyingi za namna hii huanguka, kwa sababu kila mmoja ana mpaka wake kichwani. Mwenye nyumba anauona kwenye ua, wanachama wa chama wanauona pale miti mikubwa inapoanzia. Mpaka wa msitu uliotangazwa kwenye gazeti rasmi hauko kwenye kimoja wala kingine. Uko kwenye ramani ya mpaka iliyohifadhiwa Idara ya Upimaji Ardhi, pale Ruaraka. Msitu wa Ngong Road ulitangazwa mwaka 1932 ukiwa na takriban hekta 2,900. Leo zimebaki kama 1,200. Umekatwa vipande kwa nyakati mbalimbali, kwa hiyo ramani ya zamani peke yake itakupoteza. Omba ramani ya mpaka pamoja na mabadiliko yote yaliyofuata.

Upande wa pili mnahitaji karatasi za viwanja vya majirani. Fanyeni sachi ya kila kiwanja, yaani upekuzi wa rekodi zake kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, kisha mchukue ramani ya upimaji wake. Mtakuta moja ya hali mbili. Ikiwa mipaka ni ile ya kudumu, kila kona ina vipimo vyake na bikoni ardhini, kwa kawaida chuma kilichosimikwa ndani ya saruji. Hiyo ni rahisi: soroveya mwenye leseni anarudisha kila kona ilipokuwa, hata kama bikoni imeng'olewa. (Kung'oa bikoni ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 299. Mtu akizikuta zimefunikwa na maua, azipige picha kabla ya kugusa chochote.) Ikiwa ni mipaka ya jumla, ramani inaonyesha tu mahali pa kukadiria, na huwezi kuiwekea rula ukatoa mita mbili za jirani. Hapo kuna mlango mmoja: Msajili wa Ardhi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili hajaubainisha. Wapo waliokwenda moja kwa moja mahakamani, wakalipa wakili, na kesi ikatupwa.

Na tafadhali, msipime kwa simu. Kwenye uwanja mtupu simu hukosea mita tatu hadi tano. Chini ya miti hukosea zaidi, na ugomvi wenu wenyewe huenda ni wa mita nne. Hata vipokezi vya setilaiti vya kitaalamu, vinavyotoa sentimita mahali penye anga wazi, huyumba chini ya majani mazito. Soroveya anayejua kazi ataweka alama mbili au tatu barabarani, kisha ataingia msituni kwa mashine ya kupimia pembe na umbali, akisogea hatua kwa hatua. Ukimwona amesimama chini ya mti wa muhugu na kipokezi mkononi peke yake, muulize maswali.

Mpaka ukishajulikana, itabidi muonyeshe kwamba ua umesogea, na umesogea lini. Mti huwa shahidi mzuri kuliko jirani. Tembeeni ndani ya lile eneo lililochukuliwa, KFS wakiwepo, mkitafuta ua wa zamani: visiki vya kayaba vilivyopangana mstari katikati ya nyasi, shimo la nguzo, au seng'enge iliyowahi kupigiliwa kwenye shina. Shina likinenepa huimeza seng'enge. Utaona waya unaingia kwenye gamba upande mmoja na kutokea upande wa pili, umefunikwa kabisa katikati. Hakuna anayeweza kutengeneza jambo hilo kwa wiki moja. Lipigeni picha karibu, kisha kwa mbali nyumba ikionekana nyuma.

Picha za setilaiti za miaka iliyopita, zile za bure kwenye Google Earth, zitawaonyesha ua ukisogea mwaka hadi mwaka. Ila mkizipeleka mahakamani zinahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachosema nani alizitoa, kwa kifaa gani na kwa njia gani. Karatasi ndogo, lakini wakili wa upande wa pili ataiulizia kabla ya kuulizia msitu.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, lakini huenda likajitokeza mkifanya sachi: hati ya jirani yenyewe iwe imeingia msituni. Si ajabu: Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, katika ripoti yake ya 2004 iliitaja misitu ya Karura na Ngong Road miongoni mwa ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Hapo si suala la ua tena. Hati iliyopatikana kwa njia haramu inaweza kufutwa, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, ilishikilia kwamba mnunuzi hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema ikiwa hati ya kwanza haikufuata sheria. Msibishane naye. Pelekeni nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi na KFS, mkae kando.

Barua yenu kwa KFS iwe fupi: namba za viwanja, mita za eneo lililochukuliwa kwa kila kiwanja, ripoti ya soroveya, picha zenye tarehe. Kifusi na majani mtenganishe, muandikie NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kwa barua yake. Mkijibiwa kimya, Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Angalieni pia kama kuna anayelala humo, mlinzi kwa mfano. Kumhamisha mtu kwenye ardhi ya umma kunahitaji notisi ya miezi mitatu isiyopungua, na msiwe nyinyi mliosababisha msitu ushindwe kwa sababu ya kibanda cha bati.

Kwa maoni yangu, wengi wa majirani zenu hawatafika mahakamani. Anayenyakua ekari mia, kama ilivyotaka kuwa Karura mwaka 1998 na 1999, huja na wanasiasa na walinzi wenye rungu. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alipigwa pale Januari 1999. Anayesogeza ua kwa mita tatu mara nyingi ni mtu anayeogopa wezi wanaotokea msituni, na hajaona bikoni tangu anunue nyumba. Mwiteni kwenye kikao cha wakazi, soroveya aeleze, rangi nyekundu ipakwe kwenye bikoni, apewe muda hadi kabla ya mvua za Machi arudishe ua kwa gharama yake. Mwenye geti ndiye atakayebisha. Barua ya KFS ianze na yeye.

Eneo likirudi, lisiachwe tupu. Lantana, kichaka cha kigeni kinachoenea haraka, italifunika, na msimu unaofuata jirani atasema analifyeka kwa ajili ya usalama. Ombeni KFS mfungue njia ya miguu ndani tu ya mpaka, upana wa mita mbili, ipitiwe na askari wa msitu na watu wa mazoezi ya asubuhi. Ua haukui kwa siri mahali watu wanapopita kila siku. Ndani ya njia pandeni miti ya asili ya hapo hapo: muhugu, muthiga, mukinduri. Mukinduri hukua haraka na kuwapa kivuli wenzake. Muhugu hukua polepole mno, na umekatwa sana kwa ajili ya vinyago, kwa hiyo wekeni mingi. Msipande mikaratusi, hata ikitolewa bure. Na miche ikae mita moja na nusu kutoka kwenye bikoni, ili soroveya atakayekuja baadaye asilazimike kukata mti kuitafuta.