Tundu la shingoni la baba litafunga lini?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Baba yangu ni mvuvi wa Kizingitini. Wiki 5 zilizopita alipasuliwa Mombasa kwa saratani ya koo, kisanduku cha sauti kikatolewa chote. Amerudi na tundu shingoni lenye mpira mfupi. Usiku anakohoa makohozi mazito kama gundi, mengine yana michirizi ya damu. Jamaa wanasema kidonda kimeachwa wazi na ndicho kinachoingiza baridi, tukifunge kwa bandeji. Wengine wanataka tumfukize kwa mwarobaini, na kuna mzee anauza mafuta ya habasoda ya kudondosha humo ili tundu lifunge na sauti irudi. Litafunga lini? Naye ananiandikia kwenye karatasi kila siku: atarudi baharini lini?
Binti, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Naanza na bandeji, maana hilo haliwezi kungoja. Msifunge. Kama mmeshafunga, acha kusoma, nenda kafungue, kisha urudi.

Tundu hilo halitafunga, na halitakiwi kufunga. Kisanduku cha sauti kikitolewa chote, mpasuaji hulivuta bomba la hewa hadi mbele ya shingo na kulishona kwenye ngozi. Mdomo unabaki na njia ya chakula peke yake. Kati ya pua ya baba yako na mapafu yake hakuna tena njia, hata ya uzi. Tundu hilo ndilo pua yake sasa, mpaka mwisho wa umri wake. Likizibwa ana dakika chache tu. Wala hakuna aliyeiacha kazi nusu: upasuaji huu Theodor Billroth aliufanya Vienna kwa mgonjwa wa saratani mwaka 1873, na hadi leo umewapa watu wengi miaka ya kuishi.

Najua jamaa zako wanakotoa habari ya kufunga. Mtaani yupo mtu aliyewahi kutobolewa shingo kwa muda, pengine baada ya ajali au uvimbe. Mpira ukatolewa, tundu likajifunga kwa siku chache, akaongea kama zamani. Huyo koo lake lilikuwepo lote, na njia ya pua ilikuwepo. Kwa nje wawili hawa wanafanana, ndani hawafanani hata kidogo. Wahudumu wa afya nao huwachanganya. Uingereza wameweka vibao vya rangi mbili juu ya vitanda: kijani kwa ambaye njia ya juu bado ipo, chekundu kwa aliyetolewa kisanduku chote. Mimi niliwahi kumpokea mzee aliyetoka zahanati moja akiwa amevalishwa barakoa ya oksijeni usoni, mtungi unakaribia kuisha, midomo imebadilika rangi. Shingoni alikuwa amefunikwa shashi iliyokunjwa mara nne na kubandikwa plasta pande zote. Tulipobandua tukakuta gamba la makohozi limekauka kama kizibo cha chupa. Tulilivuta kwa koleo, akavuta pumzi, akaketi. Oksijeni yote ile ilikuwa inaingia mdomoni, na mdomo hauendi popote. Mpaka leo nikikumbuka nakereka, kwa sababu hakuna aliyemdhuru kwa makusudi. Kila mmoja alidhani anamfunika kidonda.

Sasa hayo makohozi. Pua ilikuwa ikiipasha hewa moto, ikiinywesha maji na kuichuja vumbi. Kazi hiyo haifanyiki tena, hewa kavu inashuka moja kwa moja, ute unakuwa gundi na kuganda. Michirizi ya damu mara nyingi ni ya ngozi ya ndani iliyokauka ikachubuka. Damu mbichi nyekundu inayotoka yenyewe ni jambo jingine kabisa: hiyo hata ikikoma, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Dawa ya ukavu ni unyevu. Mwulizeni aliyempasua kuhusu kichujio cha kuhifadhi unyevu kinachokaa mdomoni mwa tundu. Kikikosekana, ning'inizeni mbele ya tundu kipande cha shashi au kitambaa chepesi cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, kifungwe kwa juu tu, chini kiwe huru, na mkiloweshe tena kila kikikauka. Maji safi ya chumvi ya hospitali, mililita 2 au 3 kwa sirinji isiyo na sindano, huingizwa tunduni mara kadhaa kwa siku. Atakohoa kwa nguvu, na ndivyo inavyotakiwa. Anywe maji ya kutosha. Mpira utolewe na kuoshwa kama mlivyoonyeshwa wodini, angalau asubuhi na jioni, na kila unapoonekana kuwa na ute. Siku pumzi ikianza kupiga mluzi au akihangaika, utoeni mpira wote, msiogope: kwa baba yako bomba limeshonwa kwenye ngozi na halitajificha ndani. (Kwa aliyetobolewa kwa muda na bado yumo katika wiki ya kwanza sivyo, huyo msimguse bila mtaalamu.) Mkishautoa mwangalie kama kuna gamba, tieni maji ya chumvi, akohoe, na kama hatulii anzeni safari.

Kumfukiza chini ya blanketi, hapana. Mvuke wa sufuria inayochemka ulikuwa ukipozwa na pua kabla ya kufika kifuani. Leo unaingia na moto wake wote na unaweza kumbabua bomba la hewa. Moshi wa ubani na wa kuni ni mbaya zaidi. Mhamisheni akae upande wa upepo, mbali na jikoni. Na kumbukeni kwamba hewa haipiti puani, hivyo kunusa kwake kumepungua sana: hatajua samaki ameharibika wala kitu kinaungua, mpaka mtu amwambie.

Mafuta ndiyo yananikasirisha kuliko yote. Habasoda kwenye chakula sina neno nayo. Lakini mafuta yakidondoshewa tunduni yanaingia mapafuni, na mapafu hayawezi kuyatoa kama yanavyotoa maji. Yanakaa, yanawasha, yanaleta homa ya mapafu isiyosikia dawa upesi. Huyo mzee anayeahidi sauti itarudi tundu likifunga anauza kifo, awe anajua au hajui. Sauti ya kisanduku imekwenda na kisanduku. Kuongea bado kunawezekana: kuna kifaa cha kubandika shingoni kinachotoa mtetemo, kuna kumeza hewa na kuirudisha kwa mpango, na kuna kivalvu kidogo kinachowekwa kati ya bomba la hewa na umio, yaani njia ya chakula. Yote hufundishwa, yote huchukua muda, na hakuna hata moja inayotaka tundu lizibwe kwa kudumu.

Bahari. Hapa nazungumza na yeye mwenyewe, mzee wangu, msomeeni. Maji yakifika shingoni yanaingia kifuani, wala huwezi kubana pumzi. Kuanguka kutoka mtumbwini, jambo ambalo umelinusurika mara ngapi, sasa halina kunusurika. Hata kuvuta nanga utaona mkono hauna nguvu ya zamani, kwa kuwa hewa haikai kifuani unapojikaza. Kushona nyavu, kupima samaki bandarini, kuwafundisha vijana, hayo yote yako. Kuingia majini, hapana. Na ukivuka kwa boti kwenda Mokowe, kaa katikati, kitambaa kiwe mbele ya tundu, rashi za kusi zisikupate.

Na wewe binti, niambie jambo ambalo hukuliandika: tarehe ya mionzi mmepewa? Kwa wengi wa aina yake mionzi hutakiwa kuanza ndani ya wiki 6 hivi baada ya upasuaji, na leo ni ya 5. Kila mwaka naona familia zilizoshindwa kutofautisha tiba na pumziko. Mgonjwa anarudi nyumbani, majirani wanakusanyika, huyu ana majani, yule ana mafuta, mwingine ana simu ya mtaalamu wa mitishamba wa mbali anayetaka pesa kabla ya dawa. Miezi inapita, tezi za shingo zinavimba, ndipo wanakumbuka hospitali. Wauzaji hawa hawawafuati wenye mafua. Wanamfuata mtu aliyepoteza sauti, kwa sababu hawezi kuwabishia.

Pigeni simu kesho asubuhi muulize tarehe. Kisha chukueni karatasi ngumu, andikeni kwa wino mweusi: NAPUMUA KWA SHINGO PEKE YAKE. OKSIJENI IWEKWE SHINGONI. Itieni kwenye mfuko wa plastiki, ikae mfukoni mwa kanzu yake, na nyingine mpeni nahodha wa boti ya Faza.