Maswali na majibu: Autokrosi ya kwanza, gari kama lilivyotoka kiwandani

Barua nyingi safari hii kuhusu autokrosi, yaani mbio za gari moja moja kupita kati ya koni dhidi ya saa, zimeuliza jambo lile lile kwa sura tofauti: ninunue nini? Nimezichambua, nikachagua zinazogusa mambo ambayo mtu anayeanza anahitaji kweli kuyajua.

Nimenunua Mazda MX-5 iliyotumika, haijaguswa hata nati. Nataka kuingia autokrosi yangu ya kwanza. Nianze na springi fupi, shokapu au ekzosi?

Usianze na chochote kati ya hivyo. Gari hilo tangu lilipotoka 1989 limejengwa kwa kazi ya kukata kona: la kwanza lilikuwa na uzito chini ya tani moja, injini mbele, nguvu magurudumu ya nyuma, uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu. Mshiko lilionao sasa hivi hutaumaliza msimu huu, na huenda hata ujao usiumalize.

Nimekaa kiti cha abiria na wengi wanaoanza, na wanaonihuzunisha zaidi ni waliobadilisha gari kabla hawajalijua. Gari linapoteleza hawawezi kusema kama kosa ni la mguu wao au la springi walizofunga. Wamejinyima mwalimu. Gari la kiwandani hukuambia mapema na polepole kwamba umezidisha: usukani unakuwa mwepesi, matairi yanalia, kiti kinasogea chini yako. Springi ngumu hukata hayo mazungumzo yawe mafupi, na mgeni hayawahi.

Kuna jambo la daraja la mashindano pia. Kwa kanuni za SCCA, chama cha michezo ya magari cha Marekani, daraja la magari yasiyobadilishwa (zamani Stock, tangu 2014 linaitwa Street) linakuruhusu kubadilisha shokapu, pedi za breki, stabilaiza moja (fito ya chuma inayopunguza gari kulala kwenye kona), na matairi ambayo namba yake ya uchakavu iliyochapwa ubavuni haipungui 200. Springi fupi zinakutoa humo. Ukizifunga, unakwenda kupangwa na watu waliotengeneza magari yao kwa miaka. Fedha hiyo lipia siku nyingine za kuendesha. Au badilisha oili ya breki ambayo pengine haijaguswa tangu mwenye gari wa kwanza.

Autokrosi si mbio ya kwenye maegesho tu?

Gari moja moja dhidi ya saa, kati ya koni, kwa kawaida dakika moja au pungufu, gia ya pili karibu njia nzima. Ndani ya dakika hiyo utakata kona nyingi kuliko unazokata kwa wiki barabarani. Kwa kufundishia mikono na macho bila kuhatarisha gari wala mtu, sijaona kinachoishinda.

Niweke upepo kiasi gani kwenye matairi?

Anza na namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ongeza kidogo kwenye matairi ya mbele. Paka chaki kwenye ukingo wa tairi, pale uso wa chini unapokutana na ubavu, kisha endesha. Chaki ikifutika hadi chini ubavuni, tairi linalala kwenye kona, ongeza. Isipofika hata ukingoni, punguza. Pima upya kila baada ya raundi, kwa kuwa joto hupandisha upepo. Na tafadhali, msiniandikie tena kuniomba “namba ya siri”. Hakuna namba ya mtu mwingine itakayofaa tairi lako, uzito wako na lami ya siku hiyo.

Siku yangu ya kwanza nilipotea njia mara 3 kati ya raundi 4. Koni zote zinafanana. Nifanyeje?

Ulitembea njia mara ngapi? Naamini ulitembea mara moja, ukiongea na rafiki. Karibu kila anayepotea ndivyo alivyofanya.

Tembea angalau mara 3. Ya kwanza nenda na kundi, ujue tu njia inaelekea wapi. Ya pili nenda peke yako, kimya, ukipita pale gari litakapopita na si katikati ya koni. Ya tatu, chuchumaa kila baada ya hatua kadhaa. Mtaka cha mvunguni huinama: ukiwa umesimama unaona ramani nzima, ukikaa kwenye kiti cha gari la spoti macho yako yako chini, na ukuta wa koni unaziba njia zote. Tafuta basi zile koni chache zinazoamua kila kitu, kama ya kuanzia kushika breki, ya ndani ya kona, na ya mwisho kabla ya kunyooka. Pengine ni kumi tu kati ya mia. Zilizolala chini zinakuelekeza upande wa kupita.

Kisha kaa mahali, fumba macho, uiendeshe njia yote kichwani kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia. Ukikwama sehemu fulani, hapo ndipo utakapopotea. Rudi ukapatembee.

Na ukiwa ndani ya gari, acha kuitazama koni unayoikaribia. Ukiiona, imeshapita mikononi mwako. Tazama inayofuata, na ya baada yake.

Nikigonga koni itakuwaje?

Kwa kanuni za SCCA, sekunde 2 kwa kila koni iliyoangushwa au kusukumwa nje kabisa ya alama yake iliyochorwa chini. Ikiwa bado imesimama na inagusa alama, huna adhabu. Ukikosa lango (nafasi kati ya koni mbili unayotakiwa kupita), raundi yote haihesabiwi. Kwa hiyo ukiona umechelewa, punguza mwendo upite langoni.

Gari langu linakataa kugeuka, pua inaenda moja kwa moja. Nafikiri nahitaji stabilaiza nene.

Unahitaji kuingia kona taratibu zaidi. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani, basi. Ukiumaliza wote kwa breki, haubaki wa kugeuzia. Wewe unaingia kwa kasi kubwa, bado umekanyaga breki, pua ikikataa unaongeza usukani. Hapo matairi ya mbele yanaburuzwa kama sabuni, na kadiri unavyozidi kukata ndivyo yanavyozidi kuburuzwa.

Shika breki ukiwa umenyooka, mapema kuliko moyo unavyotaka, na kwa nguvu. Achia polepole huku ukianza kugeuka, ili uzito ubaki mbele na matairi yaume. Subiri. Kanyaga mafuta pale tu unapoanza kurudisha usukani. Raundi hiyo utajiona mzembe, lakini saa itakuambia vingine.

Je, helmeti ni lazima?

Ndiyo. Swali hili huja kila mara, na jibu liko kwenye kanuni za kila tukio. Soma kanuni kabla ya kulipa. Waandaaji wengi wanataka helmeti yenye kibandiko cha Snell, shirika linalopima usalama wa helmeti, ndani yake. Ya baiskeli haikubaliki. Na mkiwa mnauliza juu ya kofia, hakuna anayeuliza juu ya kapeti ya dereva inayoteleza chini ya pedali ya breki. Itoe. Toa chupa, chaja, na kila kilicho kwenye buti. Kaza nati za magurudumu kwa kipimo cha kitabu cha gari, tikisa betri uone imefungwa.

Nikimaliza raundi zangu naweza kwenda nyumbani?

Hapana. Kuna mwenzako alisimama juani akiinua koni wakati wewe unaendesha. Ukiwa zamu, usiipe gari mgongo, simu ibaki mfukoni, usikae chini. Koni ikianguka, hakikisha hakuna gari linalokuja, kimbia, irudishe ndani ya alama yake, ripoti namba ya gari. Ukiona gari limezimika njiani au mtu yuko mahali pasipo salama, pandisha bendera nyekundu papo hapo bila kungoja ruhusa. Dereva atakayesimamishwa atapewa raundi nyingine.

Na siku utakayopandishiwa wewe, simama hapo hapo, usimalizie kona.